Sanduku la Chai

Spika ya Kihesa Jazz ilipasuka katikati ya dansi la Jumatatu ya Pasaka, na haikupasuka kwa heshima. Ilikoroma, ikapiga kwikwi, kisha ikatoa mlio wa bati linaloburutwa, na watu waliokuwa wakicheza wamekumbatiana wakaachana kwa kicheko. Didas Kalinga, mpiga gitaa la solo, hakucheka. Alizima amplifaya, akageuza sanduku la spika, akapitisha kidole pale karatasi ilipochanika, akajua hapo hakuna gundi itakayofaa. Antoni, mpiga ngoma na kiongozi wa bendi, alisema kitu kitapatikana tu. Antoni alikuwa mtu wa kusema kitu kitapatikana tu hata nyumba ikiwaka moto.

Ulikuwa mwaka wa sabini na sita, na Iringa ile spika ya gitaa haikuwa kitu cha kwenda dukani ukakiomba. Sabuni yenyewe ilipangiwa foleni. Mtu alitafuta spika kwa fundi huyu, sanduku la kuitilia kwa seremala yule, akaunganisha, akamwachia Mungu. Na asiyejua huona sanduku ni sanduku tu, mradi lina pembe. Sivyo. Spika ileile ukiitia kwenye mbao nyembamba itasema hivi, ukiitia kwenye mbao nzito itasema vile, na gitaa lilelile na vidole vilevile vitaonekana vya watu wawili tofauti. Ndiyo maana Didas aliweza kukosa usingizi kwa ajili ya mbao.

Alipata spika iliyong'olewa kwenye gari bovu la sinema, na sanduku akaliunda mwenyewe kwa masanduku ya chai aliyoletewa na shemeji yake kutoka Mufindi. Zilikuwa mbao nyepesi, bado zina muhuri wa shamba, na zikipata joto zilinukia majani. Alibandua karatasi ya bati ya ndani kwa sababu ilikuwa inatetema, akajaza sufi kidogo, akakaza skrubu. Sauti iliyotoka ilikuwa kavu, safi, haina makuu. Antoni alilizunguka sanduku lile akauliza kama gitaa sasa litatoka la maziwa au la rangi.

Wakati huohuo habari ikaja kwamba watu wa redio wanapanda kutoka Dar es Salaam na mashine ya kurekodi. Wangefika Mbeya, na kila bendi ya nyanda za juu ingepewa nafasi ya wimbo mmoja. Antoni alitaka wimbo wa kuchezeka, wa kuwatimulisha watu vumbi. Didas alisema hapana, tutapeleka wimbo wa Apolonia, na kama hutaki tafuta mpiga gitaa mwingine. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema hivyo.

Apolonia alikuwa mke wake, na ndiye sauti ya bendi. Mtoto wao mmoja, Evarista, walimzika Ilula kabla hajaota meno yote, na hawakupata mwingine, lakini watu waliendelea kumwita Mama Evarista, naye aliitika. Sasa kifua kikuu kilikuwa kimemkalia. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa akienda hospitali kuchomwa sindano, na daktari alikuwa amemwambia Didas pembeni, kwa lugha ya kuzungukazunguka, kwamba pafu moja limekwisha na la pili linajitahidi. Akamwambia pia mama asiimbe. Didas alipomfikishia mkewe ujumbe huo, Apolonia alimwangalia, halafu akaendelea kuchambua mchicha.

"Baba Evarista," alisema, "mimi mtoto sina. Nikifa nani atasema huyu alikuwepo? Wanichukulie wimbo mmoja tu kwenye hiyo kanda yao, halafu nitanyamaza mpaka wachoke."

Basi jambo lilikuwa hilo, na halikuwa na jambo la pili. Sauti ya Apolonia ilikuwa inakwisha, na kulikuwa na mlango mmoja wa kuipitisha kabla haijakwisha.

Wimbo wenyewe aliutunga mwenyewe, unaitwa "Usinifungie Mlango". Ni maneno ya mwanamke aliyetoka nyumbani akachelewa: usinifungie mlango, nimekwenda mtoni tu. Gitaa linamfuata beti zote, halafu kwenye ubeti wa mwisho vyombo vyote vinanyamaza na mwanamke anabaki peke yake. Kwenye dansi hapo ndipo walevi walipoacha kupiga kelele.

Walisafiri kwa lori la vitunguu. Dereva alikuwa Bujiku, Msukuma ambaye jamaa zake walikuwa wamehamia Usangu na ng'ombe wao, mtu wa maneno mengi na moyo mwepesi, na alimweka Apolonia mbele kwa sababu ya ubaridi. Bendi ilikaa juu ya magunia. Wakapita Mafinga, wakapita Makambako upepo ukiwachapa masikio, wakateremka kwenye joto la Chimala, wakapanda tena. Walipofika Uyole, Bujiku alishuka akamwambia Didas, "Ndugu yangu, umepata mke mpole. Njia nzima nimemsimulia ng'ombe wa baba yangu, yeye anatabasamu tu. Wangu angeshanifukuza kwenye usukani."

Didas akacheka. Apolonia mpole! Huyu aliyekuwa akimkatiza padri kwenye mahubiri ya harusi? Alidhani ni uchovu wa safari tu.

Pale Uyole, kando ya barabara kuu, palikuwa na karakana ya seremala aitwaye Asukile, Mnyakyusa mwenye mikono mipana, ambaye Antoni alifahamiana naye zamani. Asukile alikuwa na sanduku la spika alilomuundia mpiga gitaa wa bendi iliyokuja kusambaratika. Aliliondolea turubai taratibu, akasimama pembeni akawaacha waangalie. Lilikuwa la mninga mtupu, refu hadi kiunoni, limepigwa msasa likang'aa, na ndani lina spika nene iliyohitaji watu wawili kuinyanyua.

"Lichukueni kwa kesho," alisema. "Limekaa bila kusema mwaka mzima. Linasikitisha."

"Ndaga, kaka," Antoni alishukuru, maana alikuwa ameokota Kinyakyusa cha kuombea vitu. Akamgeukia Didas. "Umeona? Sasa tukiingia Mbeya na kasha letu la chai, watatuuliza vikombe viko wapi."

Didas alijaribu yote mawili mle ndani ya karakana. Kwenye sanduku la chai gitaa lilizungumza kama mtu aliyekaa jirani yako, kila uzi na neno lake, na kati ya noti na noti palibaki nafasi. Kwenye la mninga gitaa lilivimba. Noti moja ilijaza karakana, ikatikisa misumari kwenye kopo, ikachelewa kuondoka. Lilikuwa sanduku la kumfanya mpiga gitaa yeyote ajione mkubwa, na Didas alijiona mkubwa, sitaki kumsingizia utakatifu. Hata hivyo masikio yake yalimwambia sanduku la chai. Aliiona ile nafasi kati ya noti na noti, akajua nani atakaa pale.

Lakini Kihesa Jazz hawakuchagua sanduku kwa masikio ya mpigaji. Walikuwa na desturi yao. Bendi inayopiga dansi mtaani inalishwa na watu wanaopita barabarani, wale waliokunywa ulanzi kidogo na hawajaamua waingie au waende kulala, kwa hiyo sanduku zuri ni lile linalowafikia hao. Kila walipobadilisha chombo, Apolonia alitoka ukumbini akaenda mpaka kule kwenye mashine ya kusaga unga, akasimama katikati ya kelele za mashine. Gitaa likimfikia vizuri, alinyanyua khanga juu. Lisipomfikia, khanga ilibaki begani. Hakuwahi kukosea, na bendi nzima, pamoja na Antoni mwenye ubishi, iliitii khanga ile. Walisema barabara imesema, na mjadala ukaisha.

Apolonia akavuka barabara, akasimama upande wa pili karibu na wauza viazi. Didas akaanza na sanduku la chai. Alipiga mwanzo wa wimbo wa Apolonia mwenyewe, ule mwanzo ambao mkewe angeutambua hata katikati ya usingizi. Khanga haikunyanyuka. Lori la Zambia likapita, akasubiri, akapiga tena kwa nguvu zaidi. Apolonia alisimama tu anawatazama, ameinamisha kichwa kidogo, na mikono yake imekumbatia khanga.

Akahamia kwenye la mninga. Mara ya kwanza bado hakunyanyua. Didas akaongeza sauti, akaongeza tena, mpaka wauza viazi wakageuka na Asukile akashika kopo lake la misumari lisianguke. Hapo khanga ikapanda juu, ikapepea, na Apolonia akacheka kwa furaha ambayo Didas hakuwa ameiona usoni mwake tangu alipoanza sindano.

"Barabara imesema!" Antoni akapiga makofi.

Didas alisimama na gitaa lake shingoni. Kitu kilimkereketa. Alitaka kusema kwamba Mbeya hawaendi kupiga barabarani, wanakwenda kupiga mbele ya maikrofoni, na maikrofoni haiko ng'ambo ya barabara. Lakini ilikuwa khanga ya Apolonia, na wimbo ulikuwa wa Apolonia, na alikuwa amecheka. Akalifunga la mninga kwa kamba. Sanduku la chai akalibeba pia, kwa sababu aliona huruma kuliacha, na wenzake wakamtania kwamba mzazi hamtupi mwanawe kilema.

Ukumbi wa kurekodia ulikuwa Mbeya mjini, na baridi ya mwezi wa sita ilikuwa imejaa humo kuanzia sakafuni. Walitundika mablanketi madirishani. Bendi zilikuwa zimepanga foleni nje, kila moja na makasha yake, wapigaji wakipuliza vidole. Fundi mitambo kutoka Dar es Salaam aliitwa Philbert, kijana mwenye sweta la kuazima na mafua makali, si mtu mbaya. Alisimamisha maikrofoni moja katikati, akampanga Apolonia mbele yake na bendi nyuma. Soda yake akaiweka juu ya sanduku la chai, lililosukumwa kwenye kona halina kazi.

Akavaa hedifoni, akawaambia waanze. Hawakufika mbali akanyanyua mkono.

"Kaka wa solo, gitaa linammeza mama. Nasikia mvumo, yeye simsikii. Punguza, halafu hilo jisanduku lisogeze kule nyuma ukutani."

Didas akafanya hivyo, na alifanya kwa faraja, maana ndicho alichokuwa akikiwaza. Wakaanza tena. Gitaa lilikwenda taratibu, likafika pale Apolonia anapoingia, na Apolonia hakuingia. Alikuja nyuma, neno zima nyuma, akapotea, akanyamaza. Alikohoa ndani ya khanga kwa muda mrefu na watu wote wakatazama sakafu. Wakaanza upya. Akaingia mapema. Apolonia, aliyekuwa akiimba huku anakoroga ugali bila kukosa hata nukta! Antoni akamwangalia Didas, Didas akaangalia nyuzi zake.

"Mama, unaumwa?" Philbert aliuliza. Apolonia alikuwa akifuta midomo kwa khanga. "Jamani, bado nina bendi tano nje na kanda haitoshi. Mara hii ndiyo ya mwisho."

Apolonia akageuka nyuma, akamtafuta mumewe kwa macho. Kisha akanyanyua khanga.

"Niongeze?" Didas aliuliza.

Apolonia alimwangalia mdomo. "Ongeza, Baba Evarista. Lirudishe lilipokuwa. Vile naimba peke yangu, naogopa."

Hapo ndipo ilipoamuliwa. Kulikuwa na kijana wa mitambo mwenye hedifoni anayesema punguza, na kulikuwa na khanga iliyo juu. Didas hakufikiri hata muda wa kuvuta pumzi. Alilirudisha sanduku la mninga nyuma ya mkewe, akaongeza sauti mpaka sakafu ya mbao ikaanza kutetemeka chini ya miguu yao. Philbert alitikisa kichwa, akapenga kamasi.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema. "Msije mkanilaumu mimi."

Na Apolonia akaimba. Aliingia pale pale, hakukosea hata mahali pamoja. Didas alimwona mgongo wake ukipanda na kushuka, akaona anavyoivuta kila pumzi kama mtu anayechota maji kwenye kisima kinachokauka, na alijua bila kuambiwa kwamba hajawahi kuimba hivi na hataimba hivi tena. Ulipofika ubeti wa mwisho, vyombo vikanyamaza, mvumo ukafa, na sauti yake ikabaki peke yake mle ukumbini, nyembamba lakini nzima. Usinifungie mlango, nimekwenda mtoni tu. Philbert aliacha kupenga, akashika hedifoni kwa mikono miwili na kuzikandamiza masikioni. Ndiyo mara pekee aliyotabasamu siku ile.

Hawakurudishiwa kanda waisikilize. Bendi nyingine ilikuwa tayari mlangoni na ngoma zake. Wakaambiwa watajisikia redioni.

Waliporudi Iringa sauti ya Apolonia ilikwisha upesi. Kwanza ikawa ya chini, halafu ikawa ya kunong'ona, halafu ikawa pumzi yenye umbo la maneno. Didas alijifariji kwamba walau iliwahi. Alimwambia jambo hilo kila aliyekuja kuwajulia hali: iliwahi, iko kwenye kanda, Dar es Salaam.

Asubuhi moja alikuwa anaosha vyombo nyuma ya nyumba, Apolonia ameota jua kwenye mkeka, amempa mgongo. Sufuria kubwa likamponyoka, likagonga jiwe, likabiringika kwa kelele mpaka kuku wa jirani wakaruka. Apolonia hakugeuka. Aliendelea kuuchana mkia wa ukili aliokuwa anausuka. Didas akasimama na mikono yake ikichuruzika maji.

"Mama Evarista," aliita. Akasogea. "Apolonia!" Akaita tena nyuma kabisa ya kichwa chake, kwa sauti ya kumwitia mtu aliye ng'ambo ya bonde.

Kuku walinyamaza, yeye akauma ukili kwa meno akaukata.

Ndipo mambo yote yakarudi, na yalirudi kinyumenyume. Yale macho yaliyomtazama mdomo. Kule kuingia nyuma, kule kuingia mapema. Bujiku na ng'ombe wa baba yake. Khanga iliyokataa kunyanyuka, ambayo haikukataa sanduku lolote, maskini, ilikuwa inasubiri kusikia kitu.

Didas alizunguka akaketi mbele yake, akasema polepole ili amwone, "Tangu lini?"

Apolonia hakujifanya. "Tangu Kwaresima. Sindano. Zilianza kuvuma masikioni, kama nimelala ndani ya mashine ya kusaga. Nesi akasema itapita. Halafu ukavuma mvumo peke yake, vingine vyote vikaondoka."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia mngenipeleka Mbeya?" Alinong'ona hivyo, na hakukuwa na hasira ndani yake. "Wewe ungenilaza. Antoni angetafuta msichana. Mficha maradhi kifo humuumbua, najua, lakini mimi kifo nilikuwa nimeshakiona mlangoni. Nilikuwa nafuata vidole vyako. Pale barabarani sikusikia chochote, Baba Evarista, lile la chai lilikuwa kimya kama limefungwa. Lile kubwa nalo sikulisikia. Lilinipiga hapa kifuani, likanipanda na miguu. Nikajua ni wewe."

Didas aliingia ndani akalia, akalia kwa sauti, maana kulikuwa hakuna wa kumficha. Watu husema sikio la kufa halisikii dawa. Hili la mkewe lilikuwa zima, likauawa na dawa yenyewe, na pafu halikupona.

Baada ya kulia alifanya jambo ambalo angelijua mwezi mmoja kabla lingebadilisha kila kitu. Alilitoa sanduku la chai chini ya kitanda, akamkalisha mkewe juu yake. Akaunganisha gitaa kwenye amplifaya, amplifaya kwenye betri ya gari, akapiga mwanzo wa wimbo wake, kwa sauti ya chini kabisa ambayo haikuvuka hata uchochoro. Zile mbao nyepesi za Mufindi zikatetemeka. Apolonia akakodoa macho, akashika kingo za sanduku kwa mikono yote miwili, na pale mahali pake penyewe midomo yake ikaingia.

"Kumbe linasema," alinong'ona. "Linasema vizuri kuliko lile. Nalisikia mgongoni, kila uzi."

Ilikuwa hivyo tu. Kiti. Wangemkalisha juu ya lile sanduku lililokuwa limewekewa soda, angeimba bila kukosea, na gitaa lingemwachia nafasi yake. Didas alijua kwamba jambo hilo atalifikiria kila siku mpaka na yeye azikwe. Kitu kimoja tu kilimzuia asijigonge ukutani: ubeti wa mwisho. Pale hakukuwa na gitaa, hakukuwa na mninga wala mvumo. Hata kama beti zote zimemezwa, ule mmoja upo, mzima, alimwona fundi akitabasamu. Ubeti mmoja unatosha kumwambia mtu kwamba fulani alikuwepo. Alishikilia hapo.

Siku ya wimbo kutangazwa ilijulikana mtaa mzima. Ilikuwa alasiri, kabla ya taarifa ya habari. Antoni alikuja na kofia mkononi, jirani yao Kalista akaja na shangazi zake, wakajaa chumbani na mlangoni. Didas alikuwa ameifungua redio, amezihamisha nyaya zake kwenye spika ya sanduku la chai, na Apolonia amekaa juu yake, amejifunga ile khanga, amekonda mpaka sanduku halikulia lilipompokea. Didas alisimama nyuma yake, mkono begani kwake.

Mtangazaji akaitaja Kihesa Jazz. Gitaa likaanza, na lilikuwa kubwa. Mninga wa Asukile ulifika mpaka Iringa na uzito wake wote, ukajaza chumba, ukatikisa vikombe kabatini. Antoni alianza kutabasamu, halafu akaacha. Ubeti wa kwanza ulikuwa umeingia na hakuna aliyeusikia. Ukitega sana sikio ulipata kitu kama mtu anayezungumza nyumba ya tatu. Didas mwenyewe hakumsikia. Kalista akainama akafunga vizuri kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Nimeshaingia?" Apolonia alinong'ona. "Gitaa nalipata. Mimi niko wapi?"

Didas akaanza kumgonga begani kwa kidole, neno kwa neno, pale ambapo sauti yake ilipaswa kuwa. Aliuhesabu wimbo kichwani, maana hapakuwa na kingine cha kuufuata. Apolonia akafumba macho, midomo yake ikafuata kidole.

"Nasikika vizuri?"

Alimgonga mara moja, kwa nguvu: ndiyo.

Ubeti wa pili ukapita. Ubeti wa tatu ukapita. Didas alikuwa anauvuta ule ubeti wa mwisho kwa moyo wake wote, anauona unakuja, bado kidogo gitaa linyamaze, bado kidogo. Gitaa likafika kwenye noti zake za kufungia. Hapo wimbo ukaanza kupungua, ukapungua, ukafifia, na sauti ya mtangazaji ikapanda juu yake. Aliisifu bendi kwa upigaji wake hodari wa solo, akasema muda hauruhusu, na sasa ni taarifa ya habari.

Sanduku likaanza kutetemeka kwa namna nyingine, kwa sauti nzito ya mwanamume anayesoma. Apolonia akafumbua macho, akakunja uso, akageuza kichwa kidogo. Alikuwa ameanza kuuliza.

Didas alinyoosha mkono akang'oa waya. Chumba kikawa kimya. Akazunguka mbele ya mkewe, akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wake, akasema polepole ili kila neno lionekane, "Gitaa limenyamaza. Sasa ni wewe peke yako."

Uso wa Apolonia ukafunguka. Didas akarudisha kidole begani kwake, akaanza kugonga, naye akauimba ubeti wote bila sauti, juu ya sanduku lililokufa, majirani wakiwa wamesimama na kutazama midomo yake. Alipomaliza aliwaangalia mmoja mmoja, akingoja. Antoni ndiye aliyeanza kupiga makofi, kisha Kalista, kisha wote.